Konjaki ya Elisante, Mwaka wa Tatu

6 Aprili, Jumapili

Elieth amepiga sakafu kwa kisigino kabla sijaamka. Siku hizi ndivyo anavyoniita. Yeye anakaa juu. Mimi nakaa huku chini ya nyumba yake, katika vyumba viwili nilivyoishi na mume wangu Elisante tangu tulipohamia Springfield, huku ughaibuni. Zamani alikuwa anashuka ngazi na kubisha hodi, "Wifi, mmeamkaje?" Tangu arudi kutoka Machame kumzika kaka yake, mume wangu, hajaniita wifi. Ananiita "wewe mama".

Nimepanda. Alikuwa amesimama jikoni na gauni la kulalia, pua kaificha kwenye kola.

"Wewe mama, huko chini kumekufa nini?"

"Hakujafa kitu."

"Nanusa mzoga. Mimi ni nesi, mzoga naujua."

Nimeshuka kutafuta. Nyuma ya mashine ya joto, ndani ya boksi ambalo Elisante aliweka mizizi yake ipite msimu wa baridi, kiazi kimoja kimetoa ua. Hakina jani hata moja. Ua limesimama peke yake, rangi ya damu iliyokauka, na katikati yake kuna kitu kirefu kama ulimi. Elisante alinionya mwaka jana. "Kikikomaa kitatoa ua," alisema, "na hilo ua litatufukuza nyumba hii." Alicheka mpaka akakohoa.

Hiyo ndiyo konjaki, mzizi wa China na Japani. Wenzetu wa huko huusaga wakatengeneza tambi na vipande vya kuteleza. Daktari alipomwambia Elisante apunguze wali kwa ajili ya sukari, Bwana Lu, mwenzake waliyekuwa wakipanga naye mboga katika duka la Waasia, alimwambia ale konjaki: ni nyuzinyuzi tupu, inashibisha, sukari haipandi. Elisante akaanza na za pakiti. Lakini mtu wa Machame hatulii na chakula asichokilima. Akaomba mbegu. Bwana Lu akampa vijiazi vidogo kama vitunguu, akamwambia vinataka misimu mitatu kabla ya kuliwa.

Huu ndio msimu wa tatu.

Elieth hajui kwamba mizizi hii ndiyo inayotoa ile poda aliyokuwa akinywa kaka yake. Sitamwambia.

7 Aprili

Elisante alikuwa akikoroga kijiko cha poda ya konjaki kwenye maji kabla ya chakula cha jioni. Mwisho wa Februari alikunywa, akaweka bilauri kwenye sinki, akasema, "Leo kiatu kinanibana," akaanguka. Alikuwa pekupeku.

Daktari aliandika kuwa ni moyo. Lakini Elieth alishuka akaiona bilauri. "Poda hii huvimba," aliniambia mbele ya watu wa gari la wagonjwa. "Umemziba kaka yangu pumzi." Alienda nyumbani na jeneza. Mimi sikwenda, kwa sababu makaratasi yangu ya ukaazi hayajatoka na ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Huko Machame wakaona mke hayupo mazishini, na Elieth akawaeleza kadiri anavyoamini yeye. Mama mkwe wangu alikuwa ananipigia kila Jumapili baada ya ibada. Hajapiga tena.

Sina kaburi la kupalilia. Mwaka huu nataka kitu kimoja tu, kuvuna alichopanda.

9 Aprili

Kundi la maombi limekuja. Kiongozi wao ni Wambura, mwanamke wa Musoma, sauti yake inatosha uwanja wa mpira. Elieth aliwasimamisha juu ya ngazi zangu, wakakemea pepo wa mauti mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Kisha Wambura akashuka na glavu za kuoshea vyombo, akalibeba ua na kiazi chake, mkono mbele, uso pembeni.

"Dada Leokadia," aliniambia, "mtu akifiwa hafugi kitu kinachonuka hivi. Watu watasema."

"Wameshasema," nikamjibu.

Akaenda kukitupa kwenye pipa. Mizizi mingine nilikuwa nimeshaifunika na nguo chafu kwenye kikapu. Elieth hagusi nguo zangu, hata kwa mguu.

20 Aprili, Pasaka

Pilau imenukia nyumba nzima. Hakuniletea. Nimekula mkate na chai.

10 Mei

Nimepanda kando ya uzio, mahali pale pale alipopanda yeye. Elisante alikuwa anafukia kwa majani makavu kama kwenye kihamba, lile shamba la ukoo la kwao, na kila alipomaliza shimo alikuwa anasalimia kwa Kimachame, "Shimbonyi," kana kwamba ndani kuna mtu. Mimi ni wa Rombo, lafudhi yangu si yao, lakini nimesalimia.

Dirisha la jikoni likafunguka.

"Unapanda nini kwangu?"

"Vya Elisante. Alikuwa anavipanda hapa hapa."

Ameinama kuutazama udongo. Nilidhani machozi yanamjia.

"Vikizaa magugu nang'oa," amesema, akafunga dirisha.

Ana uchungu. Elisante alikuwa kaka yake pekee. Walichota maji mto mmoja. Namsamehe bila yeye kuniomba.

25 Mei

Mvua tangu Ijumaa. Hakuna kilichoota.

8 Juni

Bado hakuna. Nimekwenda kumtafuta Bwana Lu dukani. Ni mtu mfupi, mzee kuliko nilivyofikiri, na hana tabasamu la bure. Tuliongea Kiingereza, yeye chake na mimi changu.

"Umemwagilia maji?" ameuliza kabla sijamaliza salamu.

"Kidogo."

"Acha. Mumeo alikuwa mkaidi, nilimwambia asimwagilie, akamwagilia. Yatakuozea." Amerudi kupanga vitunguu saumu. Nilipogeuka akasema nyuma yangu, "Yanachelewa. Hayapendi haraka."

Sikupenda maneno yake juu ya marehemu. Nimerudi kwenye basi nimekasirika.

16 Juni

Limetokeza moja! Ncha ya waridi, kama kidole cha mtoto.

29 Juni

Yote yametoka isipokuwa moja. Kila mzizi unatoa shina moja tu, lenye madoa kama nyoka, na juu yake jani moja kubwa linalofunguka kama mwavuli. Jioni vimulimuli wanapita chini yake. Jana swala wa huku waliingia uani wakala maua ya Elieth yote mpaka shina, konjaki hawakuigusa. Inawasha mdomo ikiwa mbichi, na mnyama anajua.

Elieth amesimama kwa muda mrefu akiangalia maua yake yaliyoliwa, kisha akaangalia uzio.

"Hata swala wanaogopa vitu vyako."

11 Julai

Kijana anayekata nyasi amepitisha mashine juu ya shina moja. Nilitoka mbio na taulo kichwani. Akasema mama mwenye nyumba ndiye aliyemwambia akate mpaka kwenye uzio. Nimeweka mawe kuzunguka yaliyobaki.

12 Julai

Mawe yameondolewa. Nimeyarudisha.

13 Julai

Yameondolewa. Nimeyarudisha.

Wakati mwingine najiuliza kama jirani anatuona, wanawake wawili wazima, mmoja akitoka asubuhi na mwingine jioni, kila mmoja akiinama mahali pale pale.

14 Julai

Hakuyaondoa. Lakini kwenye friji ya jikoni tunayotumia wote amepiga mstari kwa utepe mwekundu. Chini ni yangu, juu ni yake. Amegawa pia vijiko.

Mwenzangu wa kazini, Wairimu, Mkenya wa Murang'a tunayebadilishana naye kumtunza mzee mmoja huko Annandale, amecheka nilipomwambia. Kisha akaacha kucheka.

"Leokadia, haki wewe Mtanzania uko na upole mob. Mtu anakutusi, wewe unasema asante. Si uhame tu? Kuja Langley Park, nina kitanda ya pili."

"Mazao ya mume wangu yako ardhini."

"Si uchimbe?"

"Hayajakomaa. Yakichimbwa sasa ni maji."

"Basi hiyo nyumba inakushika miguu na viazi," amesema. "Sijawai ona."

31 Julai

Joto. Hewa nzito kama blanketi iliyoloa. Nimempaka mzee lotion mgongoni, amelala nikimpaka.

9 Agosti

Nilikuwa napanda kuchukua barua. Elieth amelala kwenye kochi, ametoka zamu ya usiku. Amevaa sweta la Elisante, lile la kijivu lenye kiwiko kilichotoboka. Katika joto hili. Jasho limemtiririka shingoni na hakulivua.

Nilikuwa nimelitafuta sweta hilo tangu Machi. Nilifikiri lilikwenda na jeneza.

Nimesimama hapo nikitaka kumfunika na nikitaka kumvua. Nikashuka.

10 Agosti

Ameamka vibaya. Amenikuta kwenye ngazi akasema bila salamu, "Kanisani wameniuliza kwa nini bado nakaa na wewe. Nikasema ninangoja moyo wako uguswe, useme mwenyewe ulichofanya."

"Sikufanya kitu, Elieth."

"Watu wa Rombo," amesema, "mna siri kama kaburi."

Nimeona leo kitu ambacho sikutaka kukiona. Mwanzoni nilidhani ni uchungu tu, na uchungu hupungua. Huu haupungui. Anaulisha. Kila asubuhi anaamka anaupa chakula.

30 Agosti

Upepo mkali, umeme umekatika. Mashina mawili yamevunjika. Nimeyafunga kwa vijiti na vitambaa vya shuka kuukuu. Bwana Lu nilimpigia simu dukani, akasema, "Ukivunjika shina, mzizi umeacha kunenepa. Usipoteze vitambaa." Sikuvifungua.

14 Septemba

Elieth na mimi hatujazungumza wiki hii. Ni nafuu.

28 Septemba

Majani yameanza kuwa manjano. Bwana Lu anasema ningoje yaanguke yenyewe, kisha ndiyo nichimbe kabla ya barafu. Ameniuliza kama nina chokaa ya chakula, kwa sababu konjaki haitengenezwi bila hiyo. Inamenywa, inasagwa na maji, inawekewa chokaa, ndipo inaganda na kuacha kuwasha. Usipofanya hivyo itakuunguza koo hata ukiichemsha kutwa.

"Mumeo alisema atatumia kitu cha kwao," ameongeza. "Nikamwambia hapana. Akacheka."

Najua kitu gani. Magadi. Nina chupa ya magadi kutoka nyumbani, tunayotia kwenye kiburu, ndizi zetu na maharage. Elisante alikuwa amepanga kila kitu na hakuniambia. Nimecheka mbele ya Bwana Lu, na kwa mara ya kwanza na yeye amecheka kidogo, upande mmoja wa mdomo.

12 Oktoba

Jani la mwisho limelala. Nitachimba Jumapili ijayo, siku yangu ya mapumziko. Jumamosi Elieth ana ibada ya kumkumbuka kaka yake. Nimesikia kupitia dari. Sikualikwa.

18 Oktoba, Jumamosi

Nimeandika haya nikiwa nyumbani kwa Wairimu, Langley Park. Niandike yote sasa kabla sijaanza kuyapanga vizuri kichwani.

Nilitoka kazini mchana. Nilipofika uani niliona udongo umefukuliwa kando yote ya uzio. Mawe yangu yamerundikwa. Mashimo matupu.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia katika nyumba hiyo tangu Februari. Elieth alikuwa anacheka.

Nikaingia. Wambura alikuwapo, na wanawake wengine wa kundi wakipanga sahani. Kwenye jiko sufuria kubwa ilikuwa inachemka, nyama ya ng'ombe na vipande vyeupe. Kwenye sinki kulikuwa na mizizi mitatu bado na udongo, mikubwa kama vichwa. Mikono ya Elieth ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, na alikuwa anaikuna kwa furaha, anaikuna bila kujali.

"Tazama!" aliniambia. Alisahau kuniita wewe mama. "Nilitaka kusafisha uzio kabla ya watu, nikapiga jembe, nikakutana na magimbi! Magimbi ya kaka yangu! Kaka alipanda magimbi kama ya mama, akafukia na majani kama kwetu, na mimi nilidhani ni miti ya ovyo!" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Tunayala leo kwenye ibada yake. Mazao ya mikono yake."

Sijawahi kumwona akimpenda mtu waziwazi namna ile. Sura yake ilikuwa ya Elisante kabisa.

Ningenyamaza, wote wangeungua. Nilisema, "Elieth, usile hayo."

"Kwa nini?"

"Si magimbi."

Wambura alicheka. "Dada, sisi hatujui magimbi? Kila gimbi linawasha mikono likimenywa."

"Yanawasha zaidi. Yatakuunguza koo. Hayajatengenezwa."

Elieth alianza kubadilika. Niliona furaha inamtoka usoni, kidogo kidogo. "Miezi yote umeyaficha," alisema. "Uliweka mawe. Ulitaka ule peke yako mazao ya kaka yangu, na leo tumeyakuta unasema ni sumu."

"Sikusema sumu."

"Basi ni nini?"

Sufuria ilikuwa inachemka. Wote wananitazama. Ningeweza kusema ni mzizi wa Kichina, nikaishia hapo.

"Ni konjaki," nikasema. "Ndiyo ile poda yake."

Elieth akachukua uma, akachoma kipande kutoka sufuriani, akakipuliza.

"Elieth, usile!"

"Ulimlisha yeye," alisema. "Nilishe na mimi. Tuone."

Akakitia mdomoni, akakitafuna akinitazama machoni, akameza.

Haikupita muda. Alishika meza. Mate yakaanza kumtoka, hawezi kuyameza, midomo ikavimba, na sauti aliyotoa haikuwa ya maneno. Wanawake walipiga kelele. Wambura aliniita muuaji. Mimi nilifungua friji, nikachukua maziwa yake, juu ya mstari mwekundu, nikamshika kichwa na kumpa anywe kidogo kidogo, atemee kwenye sinki, anywe tena. Alinipiga kifuani mara mbili. Niliendelea kumnywesha. Gari la wagonjwa lilipofika alikuwa anapumua vizuri na kulia kwa hasira. Walimchukua kumwangalia. Nilitaka kupanda naye, Wambura akasimama mlangoni mwa gari.

"Toka kwenye nyumba hii," aliniambia. "Akirudi asikukute."

Nimechukua nguo zangu, picha, chupa ya magadi, na ile mizizi mitatu ya kwenye sinki kwenye ndoo ya kusafishia. Nimepanda basi na ndoo. Watu walisimama wamebanana mpaka mlangoni, na mama mmoja wa El Salvador akachungulia ndani ya ndoo, akauliza kwa Kihispania kitu ambacho nadhani ni "inapikwaje?" Nikatikisa kichwa.

19 Oktoba

Elieth ameruhusiwa kurudi nyumbani. Wairimu alipiga simu kwa niaba yangu, akijifanya mtu wa kanisa.

26 Oktoba

Kelele za ujenzi wa reli tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye vikombe. Kitanda cha Wairimu kinalia kila nikigeuka. Nilidhani nitalia usingizini. Nimelala kama jiwe.

8 Novemba, Jumamosi

Leo nimetengeneza.

Nilivaa glavu mbili juu ya nyingine. Wairimu alijifunga kitambaa puani kama daktari wa upasuaji. Nimemenya mzizi mmoja, nikaukatakata, nikausaga na maji kwenye blenda mpaka ukawa uji mzito wa kijivu. Niliuacha uvimbe. Nikayeyusha magadi kwenye maji ya moto, nikamimina na kukoroga kwa mikono kwa nguvu.

"Haishiki," Wairimu alisema. "Hiyo ni maji ya kuoshea sufuria, my dear."

Nilianza kumwamini. Kisha chini ya mikono yangu ikaanza kukazana, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka mwiko alioutumbukiza Wairimu ukasimama wenyewe. Tukaweka kwenye trei, ikaganda, nikaikata na kuichemsha. Maji yalinuka magadi kama jikoni kwa mama yangu siku ya kiburu.

Nilionja kwanza kipande kidogo kwenye ncha ya ulimi. Nikangoja. Hakuna kuwasha. Nikala kizima.

Haina ladha. Hata kidogo. Inateleza na kurukaruka mdomoni kama kitu kilicho hai, inapita. Nimeiweka kwenye mchuzi wa nyama, ikachukua ladha ya mchuzi.

Nimempigia Bwana Lu. "Magadi yamefanya kazi," nikasema. "Mkaidi," akasema, lakini safari hii kwa namna nyingine. Nimegundua leo kwamba alikuwa anampenda. Sikuliona wakati wote ule kwa sababu nilikuwa nangoja aseme kwa namna ya kwetu.

15 Novemba

Elieth amekuja.

Wairimu alikuwa kazini. Anwani nilikuwa nimemwachia Elieth mezani siku ile, barua zangu zisipotee. Nilisikia hodi, nikafungua, yeye hapo mlangoni na koti la baridi, uso umekonda. Hakuingia mara moja.

"Sikuja kukusalimia," amesema. "Naenda nyumbani Desemba kujengea kaburi. Mama anataka ile picha ya kaka ya suti. Unayo wewe."

Nilimkaribisha. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja basi. Nimemtafutia picha. Nilipotoka chumbani alikuwa anatazama sufuria yangu juu ya jiko, ambayo haina kifuniko.

"Ni hiyo?"

"Ndiyo."

"Na wewe unaila?"

"Tangu wiki iliyopita."

Nje mashine za reli zilikuwa zinapiga chuma.

"Daktari wa hospitali yangu aliniambia ni vijisindano vya kwenye mmea," amesema. "Si sumu. Vikitengenezwa havipo." Alisema kama mtu anayetema kitu. "Kaka alikuwa akila hii?"

"Ya dukani. Hii aliyoilima mwenyewe hakuwahi kuila."

Nilimwona akilifikiria hilo. Hakulitarajia, na mimi pia sikuwa nimelisema kwa sauti mpaka leo.

"Nipe," amesema.

Nikapakua kwenye sahani na mchuzi. Nikafanya kama wanavyofanya kwao na kwetu mtu anapompa mwenzake pombe ya mbege. Nikala mimi kwanza kipande kimoja, nikakitafuna anione, nikameza. Kisha nikasukuma sahani mbele yake.

Amekaa akiitazama mpaka mchuzi ukapoa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa shingoni, vidole vimegusa koo. Akala kipande. Akaweka uma chini. Tulikaa tukingoja, sisi wawili, tukitazamana, nadhani hatujawahi kutazamana kwa muda mrefu hivyo. Alikuwa anasikiliza koo lake. Nilikuwa nalisikiliza pamoja naye.

Hakuna kilichotokea.

Akashusha mkono. Akachukua uma, akala vyote vilivyokuwa kwenye sahani, kwa haraka, ameinama, bila kuinua uso. Nilipompa kitambaa alifuta mdomo na macho kwa kitambaa kimoja.

Mlangoni aligeuka na picha kwapani.

"Bado sijakusamehe."

"Sikuomba, wifi."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa, kisha akashuka ngazi. Nimefunga mlango. Sikujuta.

16 Novemba, Jumapili

Baridi kali. Barafu kwenye madirisha ya magari.

Simu imelia asubuhi nikielekea kanisani, namba ya nyumbani. Nilidhani ni msiba. Ni Mama, mama yake Elisante, kutoka Machame. Hakunisalimia. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Elieth ameniambia amekula kile kitu cha mwanangu," amesema. "Na bado anapumua."

"Ndiyo, Mama."

"Umekivuna wewe?"

"Elieth alichimba. Mimi nimepika."

Ameguna. "Kina ladha gani?"

Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nimeshindwa. "Hakina ladha, Mama. Hata kidogo."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu."

Kuku, upepo kwenye simu. Kisha akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekuwa amesahau namna yake.

"Huyo," amesema, "ni mwanangu kabisa."